Karabai za Luchelele na namba ya Einstein

Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tatu, na Buhongwa ilikuwa bado pembezoni mwa Mwanza: mihogo, mawe makubwa, umeme kwa wachache. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa msikilizaji wa redio ya masafa mafupi. Asubuhi moja aliingia darasani mikono mitupu, hana hata chaki, akatuambia kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, na kwamba wanaastronomia wenyewe wamepigwa butwaa.

Uzito wa habari ile niliuona alipotupeleka ufukweni Luchelele, usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wamewasha karabai ziwani.

“Taa hizi ukali wake ni mmoja. Ile hafifu iko wapi?”

“Mbali, Mwalimu.”

“Basi wanaastronomia nao wamepima hivyohivyo.”

Karabai zao zilikuwa supanova za aina ya Ia: nyota ndogo nyeupe, zilizokwisha kuchoma fueli yake, ambazo zikilipuka hutoa mng’ao unaokaribiana. Tangu Edwin Hubble mwaka 1929 ilijulikana kwamba galaksi zinaachana, na kila mtu alitarajia uvutano uzipunguze mwendo. Kundi la Saul Perlmutter, na lile la Brian Schmidt na Adam Riess, walitaka kujua zinapungua kiasi gani. Wakakuta supanova za mbali ni hafifu mno. Kwa hesabu za kundi la Riess, zilikuwa mbali zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kuliko ilivyotarajiwa. Kasi haikuwa ikipungua hata kidogo.

Hapo ndipo iliporudi Lamda, namba isiyobadilika ambayo Einstein aliiingiza mwaka 1917 ili ulimwengu wake utulie, kisha akaitupa. Mwalimu aliirudia sehemu hii mara nyingi, na alikuwa na haki. Maada ulimwenguni huzimuka kadiri nafasi inavyokua, na uvutano wake hudhoofika. Lamda ni nishati ya nafasi tupu yenyewe, kwa hiyo haizimuki: nafasi ikiongezeka, nayo imo. Kwa mabilioni ya miaka uvutano ulitawala. Takriban miaka bilioni 5 iliyopita msukumo wa Lamda ukaushinda.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama Bukoba nayo inasogea mbali na Mwanza. Hapana. Ardhi, Jua na sayari zake, hata galaksi yetu, vimeshikamana. Galaksi ya Andromeda inatukaribia. Kuachana kunatokea kati ya makundi ya galaksi yaliyotengana mno.

Perlmutter, Schmidt na Riess walipata Nobel ya fizikia mwaka 2011. Leo nishati ya nafasi tupu, iitwayo nishati ya giza, inakadiriwa kuwa karibu asilimia 70 ya vyote vilivyomo ulimwenguni, na hakuna anayejua ni kitu gani. Fizikia ya chembe ikijaribu kuikokotoa hupata jibu lililopita kipimo kwa takriban sifuri 120. Hilo kwangu ndilo pengo kubwa kuliko yote katika sayansi. Mwaka 2024 na 2025 mradi wa DESI wa kupima galaksi ulitoa dalili kwamba huenda nishati hiyo inadhoofika. Bado ni dalili, lakini ikithibitika, Lamda haitakuwa namba isiyobadilika tena.

Toleo kuu la kwanza la data za DESI liliwekwa wazi kwa dunia nzima Machi 2025. Walimu wa fizikia wa Mwanza, waonyesheni wanafunzi wenu data hizo, wajue kwamba swali hili halijafungwa na kwamba nao wanaruhusiwa kulishika.