Wanaongoja Treni

Baba yangu alikuwa kuli katika stesheni ya Tabora. Alivaa namba kwenye mkono wa shati, na abiria waliomhitaji waliita, "Kuli!" au waliita ile namba. Alipofariki hatukuwa na picha yake hata moja. Sura yake naikumbuka nusunusu, kama ya mtu uliyemwona dirishani mwa behewa linalopita.

Sikutegemea kumkumbuka London. Nilikwenda huko kumtembelea binti yangu, na siku moja tulikwenda kupanda treni Brixton, kusini mwa jiji. Reli hapo inapita juu, na chini yake kuna soko la ndizi za kupika, viazi vikuu, samaki na vitambaa. Nilipofika jukwaani nilimwona mama mmoja mweusi amesimama akingoja. Nikamwamkia kwa Kiingereza changu. Hakuitikia. Nikamwamkia tena. Binti yangu akacheka hadi akashika kiuno: "Baba, huyo ni sanamu!"

Nami nilicheka, lakini nilisogea kumtazama. Ni sanamu ya shaba, kimo cha mtu mzima, haina kibao kirefu wala msingi wa mawe wa kuiinua juu ya watu. Imesimama chini, palepale tunaposimama sisi wenye tiketi. Msanii Kevin Atherton alitengeneza sanamu tatu za namna hiyo mwaka 1986. Hakuwatafuta majenerali. Aliwachukua watu watatu walio hai, akachukua kalibu kutoka miilini mwao, kisha akawasubu kwa shaba. Majina yao yanajulikana: Peter Lloyd, Joy Battick na Karin Heistermann. Bi Joy alikuwa akifanya kazi katika kituo cha michezo kilicho jirani na stesheni. Yeye na Bwana Peter ni weusi, na inaaminika kwamba sanamu zao ndizo za kwanza za Waingereza weusi kuwekwa hadharani katika nchi hiyo. Mwaka 2016 zikaingizwa katika orodha ya kumbukumbu zinazolindwa na sheria. Mwaka 2023 Atherton akaongeza sanamu ya nne, nayo ni ya Joy yuleyule, sasa akiwa mtu mzima zaidi. Kwa hiyo Joy wa ujanani na Joy wa uzeeni wote wanangoja treni katika stesheni moja.

Msomaji atauliza: kwa nini Brixton? Meli ya Windrush ilipofika Uingereza mwaka 1948 na abiria wengi kutoka visiwa vya Karibi, baadhi yao walitafuta kazi katika ofisi ya ajira iliyokuwa Brixton, wakaweka makazi. Kazi walipata, heshima ilichelewa. Aprili 1981 vijana na polisi walipambana mitaani na majengo yakaungua. Katika miaka hiyohiyo kuta za mtaa zikaanza kujaa michoro. Mmoja, wa Stephen Pusey, uliokamilika mwaka 1982, unaonyesha watoto wa rangi mbalimbali wakicheza pamoja. Na mwaka 2018, kwenye lango la stesheni ya treni za chini ya ardhi, Njideka Akunyili Crosby, msanii mzaliwa wa Nigeria, aliweka picha ya wajukuu wa wale wa Windrush wamekaa sebuleni.

Sisemi kwamba rangi na shaba huponya jeraha. Mchoro haumpi mtu kazi wala haupunguzi kodi ya nyumba. Lakini mtu anayepita kila asubuhi na kuona watu wa mtaa wake ukutani anajua kwamba yeye si mpita njia tu. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa.

Hapo ndipo nilipofikiria kwetu. Katikati ya Dar es Salaam iko Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Nimeipita mara nyingi mno. Ni nzuri, nayo ni ya shaba pia. Lakini yule askari ni nani? Hana jina. Yeye ni askari, kama vile baba yangu alivyokuwa kuli. Na wapagazi waliokufa kwa maelfu njiani, nao ni wapagazi tu.

Nilitaka kuwalaumu waliojenga, nikaona aibu. Mimi mwenyewe niliwapelekea chakula wenzake baba pale Tabora kwa miaka, nikiwa mtoto. Wengine nilikula nao sahani moja. Leo siwezi kutaja jina kamili la hata mmoja. Nakumbuka namba mbili.

Binti yangu aliona nimenyamaza. Akaniuliza, "Baba, babu aliitwa nani hasa? Sisi tulizoea kusema babu tu."

Nilimtajia majina yote matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, pale jukwaani, kwa sauti, kando ya Bi Joy wa shaba. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaniomba niyarudie polepole ili ayaandike. Tulikuwa bado tunaandika treni ilipofika. Tukaiacha ipite, tukangoja nyingine.