PICHA YA GOTI IKO SAWA, MBONA MTOTO HAKUNJI? (Sehemu ya 9)

Leo tuongelee magoti ya watoto, maana kuna kitu wengi mnakichanganya: picha ya goti na mwendo wa goti. Hivyo ni vitu viwili.

Mtoto akipigwa eksirei, ile picha inaonyesha mifupa ikiwa imetulia. Itakuambia mfupa umevunjika, umeunga, au umekaa kwenye mstari wake. Lakini goti linakunja mpaka wapi, picha moja haisemi. Nyama, kano na ngozi ndani ya goti vinaweza kukakamaa baada ya kukaa muda mrefu ndani ya hogo, na kwenye eksirei huoni kitu.

Nimeliona hili kwenye familia yangu. Mtoto wa dada yangu, miaka 9, alianguka kwenye mwembe akavunjika mfupa wa paja karibu na goti. Hogo likatolewa, picha ikapigwa, mfupa umeunga vizuri. Wote tukamshukuru Mungu. Ila wiki zikapita, mtoto anatembea mguu umenyooka kama mti. Bibi yake akasema, "Huyo anadeka, si picha imeonyesha amepona?" Baba naye akaanza kumkaripia.

Kumbe shuleni vyoo ni vya kuchuchumaa, na yeye hawezi kuchuchumaa. Akawa anabana haja mpaka arudi nyumbani. Dada aligundua pale mtoto alipoanza kukataa chai ya asubuhi. Aliogopa kunywa, masikini!

Tukampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Akatoa goniomita. Ni kama rula mbili za plastiki zilizoungwa, katikati kuna duara lenye namba, mfano wa kile kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu. Katikati yake anaiweka ubavuni mwa goti kwa nje, mkono mmoja unafuata paja kuelekea nyonga, mwingine unafuata mguu kuelekea kifundo. Goti zima lilikunja nyuzi 145. Lile lililoumia, nyuzi 55.

Sasa sikia. Kutembea tu kawaida goti linahitaji kukunja kama nyuzi 60 hivi. Kupanda ngazi ni kama 90. Kuchuchumaa ni zaidi ya 120. Kwa hiyo mtoto hakuwa anadeka. Namba zilimtetea. Bibi akanyamaza, kisha jioni ile ndiye aliyekaa naye kumhesabia mazoezi.

Mtaniuliza, "Nesi, kwani hakuna picha inayopima mwendo?" Zipo. Daktari anaweza kuagiza eksirei mbili, goti likiwa limenyooshwa na likiwa limekunjwa, kisha akachora mstari katikati ya mfupa wa paja na mwingine katikati ya muundi, akasoma pembe. Kuna fluroskopi, eksirei inayoonyesha kiungo kikitembea kama video. Ultrasaundi nayo inaonyesha kano zikisogea, na maji yakijaa kwenye goti, tena haina mionzi. MRI inaona gegedu na kano vizuri sana, lakini mtoto lazima atulie tuli. Eksirei na fluroskopi zina mionzi, hivyo hazipigwi kila wiki ili kuona maendeleo. Goniomita unaweza kupimwa nayo hata kila kliniki.

Na usishtuke ukiona mstari mweusi karibu na goti kwenye picha ya mtoto. Mara nyingi ni sehemu laini ambayo mfupa hukulia, si ufa. Mwachie daktari aisome.

Nyumbani fanya hivi: mlaze chali, avute kisigino taratibu kuelekea makalio, mguu mmoja baada ya mwingine. Linganisha. Watoto wengi hulainika wenyewe kwa kucheza wiki chache baada ya hogo kutoka. Kama tofauti ni kubwa na haipungui, mrudishe. USIMKUNJE KWA NGUVU, wala usikubali mtu amkande mpaka alie.

Ila goti likivimba na kuwa la moto, mtoto ana homa, au hataki kabisa kukanyaga, usisubiri kesho. Hospitali siku hiyo hiyo, maana usaha ndani ya kiungo unaharibu haraka.

Ukipewa majibu ya picha, usiondoke bila kuuliza maswali mawili: "Mfupa ukoje?" na "Goti linakunja nyuzi ngapi?" Hilo la pili usione aibu kuliuliza. Ni haki ya mtoto wako.

Sehemu ya 10 tutaongelea matege. Mtumie mama mwenzio asome.