Usinunue Namba, Nunua Betri

Chumbageni, Tanga

Mjomba wangu Salimu,

 Mguu wa mama yako unaendelea vizuri. Ameniambia umeacha habari za IST ya petroli, sasa unataka Nissan Leaf ya umeme, na kwamba dalali amekutumia picha za moja iliyokwisha kuingia Dar, namba E, bei ya kutupa. Umeme wa magari ndiyo kazi iliyonilisha na kusomesha watoto wangu, kwa hiyo sikuweza kunyamaza. Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo hili lina hesabu ndani yake na nataka uisome kwa utulivu kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza ujue sikukatazi. Gari la umeme ni gari zuri. Halina plagi, halina oili ya injini, halina giaboksi ya kubadilisha gia, na hata breki zake hudumu kwa sababu mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Ninachokuomba ni usilinunue kwa macho uliyozoea kununulia gari la petroli.

Anza kwa kulitoa kichwani hilo neno namba E. Herufi ya kibao inakuonyesha gari lilisajiliwa lini hapa kwetu. Leaf ya mwaka 2013 iliyoteremshwa bandarini juzi nayo ni namba E, na betri yake imeshazidi miaka kumi. Kwa IST jambo hilo halitishi sana, maana injini iliyokaa bila kazi haichakai sana, na ikichoka unakwenda Gerezani unatafuta nyingine iliyotumika, fundi anaifunga, maisha yanaendelea. Betri ya lithiamu huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto linaila, na kukaa imejaa hadi juu juani kunaila zaidi. Ni kama nazi, mjomba: kifuu hakikwambii kama ndani mna tui.

Leaf za mwanzo ndizo za kuogopa. Zilipotoka Desemba 2010 zilikuja na betri ya uniti 24, uniti hizi hizi unazonunua kwa LUKU, na betri hiyo haina maji wala feni ya kuipoza. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, Marekani, jimbo la jangwa, walianza kulalamika kwamba betri zinapungua mapema mno. Nissan wakaongeza dhamana, na baadaye wakatengeneza betri yenye kemikali zinazostahimili joto zaidi, inayopatikana kuanzia magari ya 2015. Dar si jangwa, lakini haina msimu wa baridi wa kuipumzisha betri. Kumbuka pia kwamba dhamana ya Japan hailifuati gari la mtumba mpaka kwako Mbezi.

Usidhani betri zote ndivyo zilivyo. Kampuni ya Geotab ya Canada ilichambua maelfu ya magari ya umeme mwaka 2024 na kukuta betri inapoteza wastani wa asilimia 1.8 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo gari la miaka kumi bado linabaki na zaidi ya asilimia 80, na kuna watu watakaoliuza bodi ikiwa imeoza huku betri bado inadai kazi. Lakini wastani huo umechanganya magari mengi yenye mfumo wa kupoza betri kwa maji. Leaf ya zamani usiipe sifa za wenzake.

Sasa nikufundishe kuitazama. Washa gari uangalie kipimo cha betri kwenye dashibodi. Pembezoni mwa kile kinachoonyesha chaji kuna vijisanduku vidogo 12, viwili vya chini vyekundu. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri. Kijisanduku cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15; baada ya hapo kila kimoja ni kama asilimia 6. Ukikuta 8, betri imebakiza karibu theluthi mbili ya nguvu yake, na Leaf ya uniti 24 ya hali hiyo itakupeleka kilomita 80 hivi, pungufu ukiwasha kiyoyozi kwenye foleni ya Ubungo.

Hata hivyo vijisanduku visikulaze. Wapo wauzaji wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vyote 12 vikawaka kama gari jipya, kisha baada ya wiki kadhaa vinaanza kuzimika kimoja kimoja na wewe umeshalipa. Fundi aje na kile kifaa kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, na simu yenye programu ya LeafSpy. Itamwonyesha asilimia ya afya na hali ya kila seli. Seli zikitofautiana sana volti, kuna moduli mbovu. Betri ya uniti 24 imepangwa moduli 48 na moja moja inaweza kubadilishwa, lakini kazi hiyo si ya kila mtu: humo mna volti karibu 400, na nyaya zake zimepakwa rangi ya machungwa ili watu waziogope. Fundi atakayezishika bila glavu za umeme mkubwa, mfukuze kwa upendo.

Kisha lichaji mpaka lijae na uliendeshe. Toka Mbezi mpaka Bagamoyo na kurudi, mwendo wa kawaida, uone limebakiza nini. Kompyuta inaweza kufutwa kumbukumbu, kilomita ulizoendesha mwenyewe haziwezi. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Kuhusu kuliuza baadaye, hapa ndipo nina wasiwasi nawe, maana najua umezoea kubadilisha gari kila miaka mitatu. IST inashika bei kwa sababu kila gereji inaijua na spea zake zimejaa Kariakoo. Leaf haina jeshi hilo nyuma yake. Na tatizo si letu peke yetu. Mwaka 2023 Tesla walipopunguza bei za magari mapya, yaliyotumika yakaanguka nayo; Januari 2024 Hertz, kampuni ya kukodisha magari ya Marekani, ikatangaza kuuza magari ya umeme 20,000 kutoka kwenye kundi lake. Betri zenyewe zinashuka bei: mwaka 2010 uniti moja ya betri iligharimu zaidi ya dola 1,000, mwaka 2024 ikawa dola 115. Ni habari njema kwa dunia, lakini mwenye gari la zamani anaona la kwake likishuka kila mapya yanapoboreka. Ndiyo sababu nakushauri uandike bei ya kuliuza kuwa sifuri. Kama hesabu bado inakulipa, nunua. Kama inakulipa kwa kutegemea mnunuzi wa kesho, acha.

Tuipige basi hesabu yenyewe. Kazini na kurudi, na mizunguko yako, ni kilomita 50 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. IST ikienda kilomita 14 kwa lita, kilomita 100 zinakula lita 7 na kidogo. Petroli ikiwa shilingi 3,000 hiyo ni 21,000. Leaf itatumia uniti 16 barabarani, weka 18 kwa umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 360 kila uniti ni kama 6,500. Umeokoa 14,500 kila kilomita 100, yaani karibu 180,000 kwa mwezi na zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, kabla hujahesabu oili na plagi. Linganisha pesa hiyo na bei ya gari na miaka ambayo betri bado itakufikisha kazini na kukurudisha. Swali lako lote limo humo.

Angalia na nyumba. Mita yako ipo kwenye tarifu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Gari peke yake litakula zaidi ya 220, utahamishwa, na friji na taa nazo zitalipa bei ya juu. Fundi apime waya wa ardhi, maana chaja nyingi hugoma usipokuwa mzuri, na waya wa kuchajia wa Kijapani ukaguliwe kama unavumilia volti 230 zetu. Umeme wenyewe umetulia kiasi tangu mashine za bwawa la Nyerere, za megawati 2,115, zianze kuwashwa, hilo halinikoseshi usingizi.

Kwa maoni yangu ile ya dalali iache. Tafuta yenye betri ya uniti 40, iliyotoka kuanzia mwisho wa 2017. Ikiwa na afya ya asilimia 85 na kuendelea inakwenda karibu kilomita 200, na hata ikipungua robo bado inakutosha kwa siku. Ukipata, usiichaji ikajaa kila usiku, asilimia 80 inakutosha, na iegeshe chini ya ule mwembe wako. Tanga hutafika nayo bila kuchaji njiani, kwa hiyo Idi njoo kwa basi. Kama pesa haifikii ya uniti 40, rudi kwenye IST bila aibu yoyote.

Ukiagiza kutoka Japan, muuzaji wa huko mwambie akutumie picha ya dashibodi iliyowashwa na ya LeafSpy, namba ya chasisi ionekane kwenye picha hizo hizo. Zikifika nirushie, na usiende benki mpaka tuongee.

Mjomba wako