MEZA YA KILINDONI ILIYOKUWA IKILA WAGENI

Ukimwambia mshikaji wa Kariakoo kuwa unakwenda Mafia, atakutania kwa mambo mawili. Kwanza jina: ataanza habari za majambazi wa Sicily na bunduki zao za kwenye sinema. Pili, papa potwe, yule samaki mkubwa kama basi ambaye hana habari na nyama ya mtu. Jina halihusiani kabisa na hao jamaa wa Sicily. Papa potwe wapo kweli, tena jirani kabisa na Kilindoni, ila wana msimu wao, Oktoba hadi Machi. Ukienda Julai kama nilivyokwenda mimi, utakayekutana naye ni kusi.

Na kusi si mchezo, bwana! Mwenye mkwanja hupanda kindege pale Dar, na baada ya kama nusu saa anashuka Kilindoni, mji ambao uwanja wake wa ndege unaufikia kwa miguu ukitoka sokoni. Sisi wengine tunaanzia Mbagala kwa basi hadi Nyamisati, kisha boti inakatiza mikoko ya Rufiji na kutoka bahari kuu. Hapo ndipo utakapojua nani alikula nini asubuhi.

Watalii wengi wakifika hawakai Kilindoni. Wanakimbilia Utende, upande wa pili wa kisiwa, kwenye Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, wakazamie matumbawe. Mimi nilibaki mjini, na sikujuta. Kilindoni ina samaki wa kukaanga, ina nazi kila kona, na jioni ina kijiwe chenye meza ya pool.

Meza hiyo ilikuwa chini ya bati, hatua chache kutoka njia ya gatini. Mwenyewe ni mama mmoja mcheshi ambaye vijana wote wanamwita Bi Mkubwa. Unatumbukiza sarafu, unasukuma kile kitelezi cha chuma, mipira inamwagika kwa kishindo, mchezo umeanza. Chumvi ya bahari ilikuwa imeishika meza kila mahali palipo na chuma, lakini ilifanya kazi, na ndiyo iliyomlisha Bi Mkubwa na wanawe.

Tatizo lilikuwa moja. Meza ile ilikuwa ikila wageni.

Siku ya kwanza nilidhani ni kipaji cha bingwa wa pale, kijana mmoja mwembamba wa maneno machache. Siku ya pili nikaanza kuangalia vizuri. Mgeni akipiga polepole, mpira unakwenda vizuri, ukikaribia shimo unajikunja kuelekea upande wa baharini na kukosa. Bingwa yeye alipiga kama amekosea, akilenga pembeni kidogo, na mpira ukajikunja wenyewe ukaingia. Mh! Hiyo ndiyo elimu ya kuzaliwa na meza.

Siku ya tatu mambo yakaharibika. Kijana wa jahazi la nazi kutoka Kisiju alikuwa ameliwa dau mara nne, na nauli yake ilikuwa imeingia humo humo. Akashika fimbo, na safari hii hakulenga mpira. Watu wakaamulia. Bi Mkubwa akatangaza kwamba atanunua kitambaa kipya Dar, maana kila mtu alisema kitambaa kimechoka. Nilimsikia akimwambia jirani yake taratibu kwamba hela yenyewe aliiweka kwa ajili ya ada ya mtoto.

Hapo ndipo akaitwa Mzee.

Mzee ni fundi wa kila kitu: mashine za boti, jenereta, cherehani, redio. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kututazama, macho yako mezani. Hakugusa kitambaa. Aliomba mpira mmoja, akauviringisha polepole kabisa, kona hadi kona.

"Ukipiga kwa nguvu huoni ugonjwa," akasema. "Nguvu inaficha."

Mpira ukajikunja. Akachukua mpira mwingine, akafanya vilevile. Ukajikunja upande uleule. Akatueleza kwamba kama ugonjwa ungehama na mpira, basi mpira ndio umelika. Kama ungetokea mahali pamoja tu, hapo kitambaa kimelegea au jiwe la chini lina kasoro. Lakini hapa kila mpira, kila mahali, unakimbilia baharini. Maana yake meza yenyewe imelala.

Akatuma mtoto alete ule mpira mwembamba wa kuonesha ndani ambao mafundi ujenzi wanatumia kupima levo. Ukaja na maji tele. Ncha moja kichwani kwa meza, nyingine miguuni. Maji hayajui mwenyeji wala mgeni. Upande wa baharini ulikuwa chini kwa unene wa sarafu mbili zilizolaliana.

Basi bwana, pale kijiweni alikuwepo pia Mjerumani mmoja, mtu mzima wa makamo ya sitini hivi, aliyekwama kama mimi akisubiri bahari itulie. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, anatabasamu. Akaniomba nimtafsirie kwa Mzee. Kumbe kwao anakarabati mashine za kale za pinboli kwa mapenzi tu!

Kwa wasioijua, pinboli ni kabati lenye kioo juu na mpira wa chuma ndani. Mpira unateremka kwenye mteremko, nawe unabonyeza vitufe viwili ubavuni ili vijimkono viwili, flipa, viupige urudi juu. Mwanzoni mashine hizo hazikuwa na flipa kabisa. Zilikuja mwaka 1947, kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilipotoa mashine iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo mchezaji alitegemea zaidi bahati na kuitikisa mashine, na ndiyo maana jiji la New York liliipiga marufuku kama kamari mwaka 1942, likaja kuifungulia 1976 baada ya mchezaji Roger Sharpe kuwaonesha madiwani kwamba anaweza kusema mpira utapita wapi kabla hajaupiga.

Mjerumani akachora kwenye boksi la sigara. Chini ya flipa kuna koili, sumaku ya umeme inayovuta kipande cha chuma. Mzee akaangalia kidogo tu.

"Hii si stata ya gari?"

Nikatafsiri. Mjerumani akacheka, akampa mkono. Ndiyo hiyohiyo!

Akaendelea. Koili ya mashine nyingi za kale ina nyaya mbili: nene ya kupiga kwa nguvu, na nyembamba ya kushikilia flipa juu bila kuungua. Flipa ikifika juu inafungua swichi ndogo, na umeme unapitia ule waya mwembamba. Sasa flipa ikidhoofika, wenye mashine wengi hukimbilia kununua koili mpya. Yeye hachokonoi koili. Kwanza anachomoa waya ukutani. Anainua flipa kwa mkono: ikikwama, kuna uchafu au mpira wa ndani wa koili umelika, na hapo usitie mafuta, maana yanashika vumbi na kukwama zaidi. Ikiteleza vizuri, anaangalia midomo ya swichi, ile ya kitufe na ile ya mwisho wa safari. Mara nyingi imeungua, ni nyeusi.

"Platini!" Mzee akasema. "Piga msasa."

Mjerumani alishangaa kwamba fundi ameshamaliza kazi ambayo yeye alikuwa bado anaieleza. Akaongeza dalili mbili. Flipa ikipanda na kushuka haraka haraka kama bunduki unapobonyeza bila kuachia, ujue waya mwembamba wa kushikilia umekatika. Na swichi ya mwisho isipofunguka kabisa, utanusa moshi kabla ya kuuona. Tena mashine inakupa kipimo bure, kwa sababu flipa ni mbili: nzima unailinganisha na mgonjwa. Mzee akaonesha ile mipira miwili ya pool aliyoibadilisha. Hawakuhitaji tafsiri yangu tena.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Kwa nini meza imelala? Mzee akapiga magoti. Mguu mmoja wa upande wa baharini ulikuwa umezama kwenye sakafu iliyobonyea, na skrubu ya kuurekebisha ilikuwa imeganda kwa kutu. Akatazama juu. Bati lilikuwa na tundu sawasawa na pale. Masika nzima maji yalidondoka hapo, yakala mchanga chini ya saruji.

"Bi Mkubwa, kitambaa chako kizima," akasema. "Ziba bati kwanza. Usipoziba, nitarudi hapa mwakani."

Vijana sita wakainua kona ile, meza nzito kufa mtu. Mzee akachomeka kipande cha mbao ngumu, akapima kwa maji, akaongeza kipande cha bati chembamba, akapima tena. Sawa. Bi Mkubwa akamlipa hela ya kazi, akampa na samaki wawili. Hela ya ada ikabaki kwenye khanga.

Bingwa alikuwa amenyamaza muda wote. Mwisho akanong'ona, "Meza ilikuwa haina ubaya." Hakuna aliyemjibu. Kijana wa Kisiju akatumbukiza sarafu.

Walicheza mechi tatu. Ya kwanza bingwa alipotea vibaya, kila mpira aliolenga pembeni ukaenda pembeni. Ya pili akaanza kulenga shimo lenyewe, akashinda kwa shida. Ya tatu akashinda tena, safi kabisa, mpira mweusi ukaingia taratibu kwenye kona ileile ya baharini. Yule wa Kisiju akatoa hela akalipa bila neno, kisha akaomba mechi nyingine. Mara ya kwanza katika siku tatu niliona mtu akiliwa kwenye meza ile na akacheka.

Kusi likatulia kesho yake alfajiri, tukaondoka. Sasa wewe unayecheza pool Sinza, Temeke au Mwanjelwa, chukua hii bure: kabla ya kuweka dau, viringisha mpira polepole, kona hadi kona, pande zote nne. Ukijikunja, badilisha mpira ujaribu tena, uone ugonjwa unahama au unabaki. Na kama bingwa wa kijiwe atakukataza kuuviringisha, rudisha hela yako mfukoni, uagize soda.