Kasino ya Komwe

Wadau, ukiwatumia marafiki wa Lamu ujumbe "leo usiku kasino kwetu, chipsi zipo," jua kuna mmoja atakuja na tomato sosi. Kwa hivyo humu nitaziita kete.

Siku hizi mtu akitaka usiku wa kasino nyumbani anakimbilia kuagiza zile za plastiki, boksi zima. Za nini? Bao moja la Kiswahili lina kete 64, komwe za kijivu, ngumu kama mawe, upepo wa darini hauzipeperushi. Sisi tuko sita. Kila mtu komwe 10, hiyo ni 60, zinabaki nne. Komwe moja ni pointi moja. Halafu kila mtu simbi mbili, na simbi moja ni pointi tano. Kwa kichwa ni pointi 20, mezani 120. Hiyo 120 iandike kwa daftari kabla karata hazijachanganywa.

Usije ukagawa simbi tupu ati kwa sababu zapendeza. Watu wakikosa ndogo za kuchenji mchezo unakwama kila dakika, yaani kama kondakta na noti ya elfu asubuhi.

Akifilisika mtu? Tunamuongeza simbi mbili, mara moja tu, na inaandikwa. Akifilisika tena, chai yamngoja jikoni aipike. Mwisho wa usiku tunahesabu zote: 120, ongeza 10 kwa kila aliyeongezwa.

Kuna usiku ilifaa itoke 140, ikatoka 151. Kumbe jamaa alipita ufuoni akitoka Shela, akaokota komwe za bure, akajaza mfuko! Mkomwe unamea pwani hapo hapo, hauulizi mtu kitambulisho. Tangu hapo zetu zina nukta ya rangi ya kucha ya dadangu. Babu mwenye bao bado hajaniuliza.

(By the way, kopa, uru, shupaza, pao, hata neno karata lenyewe, tumeyapata kwa Wareno. Walikuja na mizinga, wakaondoka, karata zikabaki. Mimi naona hapo tulipata afadhali.)

Sasa lile swali ambalo lazima mtu aulize: "Bro, si kila kete tuiwekee bob ishirini, hivi ipate utamu?" Hapana. Mamangu akisikia neno kasino tu anaita jina langu lote na la babangu. Na kamari ni haramu, hilo sote tumelisoma chuoni tukiwa wadogo. Rafiki yetu mmoja, ambaye tunamuita ustadhi kwa utani, anasema hata ile ya "aliyeshindwa anunue soda" ni kamari vilevile. Tulibishana naye hadi usiku wa manane, mwishowe tukaona ana hoja. Kwetu mshindi anachagua muziki, basi.

Lakini kusema kweli sababu yangu kubwa ni nyingine. Mmoja wetu alitumwa na babake mafuta ya boti. Pesa iko kwa M-Pesa, simu iko mkononi, kile kindege cha kubeti kinapaa. Hakufika kwa muuza mafuta. Boti ililala siku mbili, na mzee hakupiga kelele hata kidogo, ndilo lililomuumiza zaidi. Kwenye simu huoni kitu kikitoka, manze. Nambari tu inapungua. Komwe unaisukuma kwa mkono wako, unaisikia ikigonga sinia, na rundo lako linakonda mbele ya wenzako watano.

Alipokuja mara ya kwanza hakutaka kucheza, na hatukumlazimisha. Nikampa mfuko, awe benki. Wengine walininong'oneza, ati unampa huyo? Nikawaambia ndiyo, huyo. Anayeshika benki asicheze, hiyo ni sheria nzuri hata kwenu, kwa maana mchezaji akishika mfuko kila mtu anamtazama mikono.

Yuko makini kutushinda sote. Anapanga komwe kumi kumi juu ya mkeka, anaandika, anahesabu mara mbili. Juzi ilitoka 130, mtu mmoja alikuwa ameongezwa. Sawa kabisa. Akafunga mfuko kwa kamba, akaniuliza Alhamisi tunaanza saa ngapi.