KAMBA, CHUBWI NA KIWANJA CHA MAMA: NASAHA KWA KIJANA MVUVI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo sizungumzii fat-wa ya ndoa wala mirathi. Nazungumzia kamba, chubwi na ndoano. Msishangae. Rizki ni sehemu ya dini, na mtu anayetafuta halali ana haki ya kuelekezwa njia yake kama anavyoelekezwa namna ya kutawadha.

Kijana mmoja wa upande wa Bunda, ambaye hufuatilia darsa zetu, aliniandikia: "Ustadhi, shikamoo. Nimeona video za wenzetu wa Marekani na Kanada wanavua samoni kwenye kayaki. Wana mashine ya kushusha chambo mpaka kina wanachotaka. Nataka kuagiza niivulie sangara. Nimepata watu wa kunikopesha kwa riba, dhamana ni kiwanja cha mama yangu kule Butiama. Je, nichukue?"

Suala la riba nilimjibu hapo hapo, na jibu lake mnalijua. Lakini nikaona nikimwambia "haramu" kisha nikanyamaza, nitakuwa nimemfungia mlango mmoja bila kumwonesha mwingine. Mimi ni mtoto wa Majita. Kabla sijakaa mbele ya watu na kitabu, nilikaa kwenye mtumbwi na mzee wangu, mshipi kidoleni. Kwa hiyo nikamjibu kama mvuvi pia, na majibu hayo ndiyo nawaletea.

*1. JUA KWANZA KIFAA CHENYEWE*

Kile kifaa si muujiza. Ni gurudumu la kukunja kamba, mkono mfupi unaotokeza nje ya chombo, kamba yenye risasi nzito mwishoni, na kibanio. Mshipi wako wa kuvulia unabanwa kwenye kibanio karibu na ile risasi. Unashusha risasi, nayo inateremka na mshipi hadi kina unachotaka, huku chombo kinatembea na chambo kinafuata nyuma. Samaki akivuta, mshipi unachomoka kwenye kibanio, na wewe unapambana naye bila uzito wowote juu ya mshipi.

Kifaa hiki kilipata umaarufu mkubwa kwenye yale maziwa makuu ya Amerika ya Kaskazini, baada ya samoni kupandikizwa katika Ziwa Michigan kuanzia mwaka 1966. Samaki wale hukaa kwenye maji baridi ya chini wakati wa joto, kwa hiyo mvuvi alilazimika kuwafuata huko. Na sangara wetu naye ni mgeni aliyeletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Basi swali la mvuvi wa kule na la mvuvi wa Musoma ni moja: leo samaki yuko kina gani?

*2. KINA HAKIKISIWI, KINAPIMWA*

Ziwa letu ni pana sana, lakini si refu kwenda chini kama wengi wanavyodhani. Wastani wake ni kama meta 40, na pale penye kina kikubwa kabisa ni kama meta 80. Pwani zetu na ghuba zetu, Ghuba ya Mara na Ghuba ya Speke, kina chake ni kidogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo kamba ya meta 100 ya kwenye tangazo hukuhitaji.

Kikubwa zaidi ni majira. Kuanzia kama Oktoba hadi Aprili, maji ya juu hupata joto na kukaa juu ya yale ya chini bila kuchanganyika vizuri. Maji ya chini kabisa hupungukiwa hewa, na sangara ni samaki asiyevumilia maji yenye hewa kidogo. Hupanda. Ukishusha chubwi hadi chini kwenye kilindi miezi hiyo, unatega pasipo na mtu nyumbani. Ifikapo Juni na Julai, upepo wa kusi unalikoroga ziwa, hewa inafika chini, na sangara anaweza kukaa huko. Wazee wetu hawakusoma haya darasani, lakini walibadilisha urefu wa mshipi kwa majira.

Hapa pana somo. Yupo anayesema, "Nimetawakali," kumbe hajapima chochote. Kisa cha yule bwana na ngamia wake mnakijua nyote: funga kwanza, kisha tegemea. Mvuvi naye apime kwanza.

*3. KUCHAGUA KIFAA CHA CHOMBO KIDOGO*

Kama siku moja Mwenyezi Mungu atakujaalia uwezo wa kununua kwa pesa yako, angalia haya:

Uzito. Kwenye kayaki au mtumbwi wa mtu mmoja, risasi ya kilo 1 hadi 3 inatosha. Zile kubwa ni za boti zenye injini. Uzito mkubwa ubavuni mwa chombo chembamba unakuinamisha kabla hata samaki hajafika.

Kamba. Wengine hutumia waya wa chuma. Wewe chukua kamba imara ya kusuka. Sababu ni moja: kamba ya kusuka inakatika kwa kisu, waya haukatiki. Risasi ikinasa kwenye mwamba na wimbi linakuja, utakuwa na nafasi ndogo sana ya kufikiri.

Mahali pa kufunga. Pawe mbele yako, mkono unapofika umekaa sawa. Usikiweke kwenye ncha ya mtumbwi ukalazimika kuinuka au kujinyoosha.

Kamba dhaifu. Kati ya kamba kuu na risasi weka kipande cha kamba nyembamba. Ikinasa, ikatike hiyo. Upoteze chubwi, usipoteze chombo.

*4. CHA NYUMBANI KINAFANYA KAZI ILE ILE*

Nilimwambia kijana: hivyo vyote unavyo. Chukua kigogo cha kukunjia kamba. Chukua kamba ya kusuka, ufunge fundo kila pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Uzito utengeneze kwa saruji ndani ya kopo. Kibanio ni kile cha kuanikia nguo, au mpira mwembamba unaokatika samaki akivuta kwa nguvu.

Matumizi ni haya. Anza kupiga kasia kwanza, chombo kitembee. Achia chambo nyuma kama meta 10 hadi 15. Bana mshipi. Shusha uzito taratibu huku ukihesabu mafundo. Usiufikishe chini, uache juu ya sakafu kwa pima moja au mbili. Usisimame ghafla, maana ukisimama uzito unazama na kunasa. Samaki akichomoa mshipi, uinue uzito kwanza ukiwa umeuachia mshipi ukaze kiasi, kisha ndiyo umshughulikie samaki. Ukiacha kamba ikining'inia, mshipi utazungukana nayo.

Na hesabu yake: kamba haishuki wima chombo kikitembea. Ikilala nusu ya pembe mraba, yaani digrii 45, basi kati ya pima 10 ulizoachia umeshuka kama 7 tu. Mafundo yanasema 10, ziwa linasema 7. Liamini ziwa.

*5. MAMBO AMBAYO PESA HAIYANUNUI*

Vaa jaketi la kuokoa maisha. Kamba usijifunge kiunoni wala kwenye mkono, hata kwa dakika moja. Kisu kikae mahali unapokishika bila kukitafuta. Mawingu yakijikusanya, rudi; uhai wako ni amana kabla ya samaki yeyote. Na kule Mto Mara unakomwaga maji, upande wa Kirumi, kuna viboko na mamba. Mtumbwi mdogo hauna ubishi nao.

Pia kumbuka kuna nyavu za watu. Ukikokota uzito ndani ya makira ya mwenzako na kuyachana, umekula haki ya mja, na haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Nenda kwa mwenyewe, mwambie, lipa. Sangara aliye chini ya sentimita 50 mrudishe majini. Sheria ya nchi imekataza, na akili inakubali, kwa sababu huyo ndiye samaki wa mwakani. Na ukimpata mkubwa ukiwa unavua na chombo cha mtu, bondo lake lisipotee njiani kati ya mtumbwi na mwalo. Watu wengi huswali safu ya mbele huku bondo la tajiri limo mfukoni. Tuambiane ukweli.

*6. KUHUSU KIWANJA*

Nilimuuliza kijana swali moja: "Ukikosa samaki miezi miwili, mama atalala wapi?" Alikaa siku tatu hajajibu. Kisha akaniandikia kwamba mama hakuwa ameambiwa chochote kuhusu dhamana ile. Nikamwambia, basi hili si suala la mashine tena. Chombo cha kuvulia kinaweza kuwa halali kabisa, na njia ya kukipata ikawa dhulma kwa aliyekunyonyesha.

Alhamdulillah, karatasi hazikusainiwa. Anavua kwa kopo la saruji na kibanio cha nguo. Siku nyingine anapata, siku nyingine anarudi na furu wa mboga tu. Lakini anarudi kwenye nyumba isiyo na deni, na anaweka akiba kidogo kidogo.

Ndugu zangu vijana wa Musoma, Bunda na Butiama, na popote mlipo: tamaa ya kifaa kizuri si dhambi. Dhambi huingia pale unapotaka kufika kina ambacho kamba yako haifiki, kisha ukaunganisha kwa kamba ya mtu mwingine bila ruhusa yake. Pima maji. Pima na mfuko.

Ewe Mola, waruzuku wavuvi wetu rizki ya halali, yenye baraka, warudishe salama nchi kavu, na utuhifadhie mama zetu. Amin.

Ukiona lina faida, mfikishie mvuvi mmoja unayemjua. Wabillahi tawfiiq.