Kabla Hujaivunja Nyumba ya Nkambo

Kakontwe, Likasi

Mwipwa wangu Ilunga,

Mama yako hajambo. Mguu umepona na sokoni anakwenda mwenyewe. Mdogo wako Ngoie amefaulu mtihani wa serikali, na siku matokeo yalipotoka alimwagiwa poda hadi mbwa wa jirani akawa mweupe. Mabati ya upande wa jikoni yanavuja bado. Hilo nitalirudia.

Michoro yako imefika. Ngoie alinifungulia kwenye simu, tukaikuza kwa vidole hadi nikaona bawaba za milango. Una mkono mzuri, mwanangu. Lakini ule ukurasa wa mwisho, wenye duara la kijani na hesabu ya kaboni, nimeusoma nikaurudia. Umeandika kwamba nyumba ya nkambo wako, babu yako, ivunjwe yote, mahali pake isimame nyumba ya matofali ya simenti, na kompyuta imekupa alama nzuri. Ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi. Maneno ya simu ungeyasikia wewe peke yako, nami nataka mama yako na wajomba zako wengine wayasome haya kabla kikao cha ukoo hakijakaa.

Nianze na nilichokipenda. Umeinua dari, umeweka madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Siku hizi watu hapa wanajenga masanduku ya vioo, kisha wanatafuta pesa za mashine ya baridi. Likasi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari; usiku wa Juni na Julai tunajifunika blanketi mbili. Nyumba ya hapa ikikaa vizuri kwa jua haitaki mashine yoyote. Lishike jambo hilo, kwa sababu vitabu vyenu vingi vya kupima nyumba vimeandikwa na watu wa nchi za theluji, ambako moto wa kupasha vyumba ndio uliobeba sehemu kubwa ya hesabu. Kwetu sivyo. Umeme wetu, siku ukiwepo, unatoka kwenye maji: Mwadingusha tangu 1930, kisha Koni, Nzilo na Nseke. Makaa ya jikoni ni kesi nyingine, na mama yako ndiye wakili wake. Ila nyumba yenyewe, karibu madhara yake yote yamo ndani ya simenti, tofali, chuma na bati, kabla mtu hajalala humo hata usiku mmoja. Ukikosea hapo hakuna taa ya kisasa itakayokuokoa.

Sasa tuje kwenye jiwe letu. Vumbi la chokaa la Kakontwe umelivaa tangu utoto. Wanajiolojia walilipa jina la mahali petu, wakalifuata chini ya ardhi hadi Kipushi, hadi ng'ambo ya mpaka huko Ndola. Ndola wanalichimba na kulifanya simenti. Na simenti ya Zambia imekuwa ikipanda lori, ikivuka mpaka Kasumbalesa, ikipita hapo Lubumbashi ulipo, ikija kuuzwa Likasi kwa watu wanaokaa juu ya jiwe lilelile. Tunanunua safari.

Chukua kilo 100 za jiwe safi la chokaa, lichome kwa joto la kama nyuzi 900. Utabaki na chokaa kilo 56. Kilo 44 zimepanda juu kuwa hewa ukaa, na hiyo imetoka ndani ya jiwe lenyewe. Ya kuni au makaa ya mawe ya tanuru hujaihesabu. Simenti inataka moto mkali zaidi, nyuzi kama 1,450, na mfuko mmoja wa kilo 50 wa simenti ya kawaida unaacha nyuma yake karibu kilo 40 za hewa hiyo. Hesabu mifuko uliyoandika kwenye mchoro wako, uzidishe mwenyewe, bila kompyuta. Chokaa nayo haina usafi wa malaika, lakini ikikomaa ukutani inavuta tena sehemu ya hewa iliyoipoteza, polepole, ikarudi kuwa jiwe. Hewa iliyotoka kwenye moto wa tanuru ndiyo hairudi.

Usidhani nakuambia tuitupe simenti. Msingi unakutana na maji, na mshipi wa juu ya ukuta unabeba paa, hapo iweke. Ninachokataa ni kuimwaga kila mahali kwa sababu jirani kaimwaga.

Mimi nimeshika mwiko tangu ujana, na kubomoa kumenifundisha kuliko kujenga. Kuna wakati tulipewa kazi ya kuondoa majengo mawili yaliyosimama kwenye uwanja mmoja. Lile la zamani lilikuwa limeunganishwa kwa chokaa na mchanga. Unagonga tofali kwa ubavu wa mwiko, linaachia. Unalikwangua, linakuwa zima. Wamama walikuja wakayapanga kwa mamia, wakayauza, na ukizunguka Likasi leo utayakuta ndani ya kuta za watu. Lile la pili lilikuwa la simenti nzito. Nyundo ikishuka, ufa haukupita kwenye kiungo, ulipita katikati ya tofali. Tulitoa kifusi tu, tukakifukia shimoni. Waliojenga yote mawili walikuwa hodari, lakini mmoja aliunganisha kwa kitu laini kuliko tofali lake, mwingine kwa kitu kigumu kuliko tofali lake. Huo mzunguko mnaousoma darasani, wa kitu kimoja kutumika nyumba hadi nyumba, unaamuliwa siku fundi anapochanganya chokaa au simenti yake, wala si siku ya kubomoa. Wewe ndiye utakayemwandikia fundi huyo karatasi.

Watu wa pwani walijenga Kilwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake za karne ya 14 zinatazamwa hadi leo. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa vivyo hivyo, na wanaoutunza wanalalamika juu ya plasta ya simenti: unyevu ukishaingia ukutani, plasta hiyo inauzuia kutoka, jiwe linaoza kwa ndani. Kwa hiyo ukifika kwenye nyumba ya nkambo wako na ndoo ya simenti ya kuziba nyufa, nitakunyang'anya.

Kuna tofali pia. Uliandika namba yake ya kaboni. Nauliza: namba hiyo imetoka tanuru la wapi? Kama ni orodha ya Ulaya, inahesabu tofali la kiwandani, lililochomwa kwa gesi na moto wake umepimwa. La kwetu linapangwa lenyewe kuwa tanuru, linapakwa udongo nje, kisha linakula kuni za miombo usiku na mchana. Mengine yanaiva vizuri, mengine yanaungua, mengine ya pembeni yanabaki mabichi na kuyeyuka mvua ya kwanza. Hakuna mtu wa Ulaya anayeujua moto huo. Nenda kwa wachomaji wa huko Lubumbashi, uhesabu mizigo ya kuni inayoingia na matofali mazima yanayotoka, ndipo uandike namba. Namba ya kuazima inapendeza machoni na kudanganya mkononi.

Tena udongo wenyewe. Hapa kwetu tunakata vichuguu vikubwa, kwa kuwa mchwa wameshatuchambulia udongo mzuri. Nami nimekata vingi. Lakini kuna watafiti waliopima umri wa vichuguu vya miombo ya Katanga, wakachapisha kazi yao mwaka 2015: kimoja kilipita miaka 2,000. Kiangazi kimoja kinatosha kukimaliza. Kwa hesabu yako ya hewa ukaa, kichuguu hicho ni sifuri. Hapo ndipo ujue kwamba kipimo kimoja hakioni kila kitu.

Hiki kipimo cha Ulaya ulichonieleza likizo iliyopita, EN 15978 cha mwaka 2011, nimekielewa kuliko ulivyodhani. Kinagawa maisha ya nyumba kwa herufi: A ni kutengeneza vifaa, kuvisafirisha na kujenga, B ni miaka ya kukaa na kukarabati, C ni kubomoa na kutupa, D ni faida itakayopatikana vifaa vikitumika tena. Ni mpango wa akili. Wenyewe wameiweka D pembeni, isichanganywe na zile nyingine, nami nilipotazama jumla yako nikaona umeitoa D kwenye A. Umekopa leo, ukajilipa kwa pesa ambazo mjukuu wako huenda atazipata. Deni la A liko hewani tangu siku ya kwanza. Iandike D, ndiyo, lakini iache mahali pake, na uandike chini yake ni kitu gani ulichofanya ili itokee kweli: chokaa kwenye viungo, skrubu na bolti badala ya misumari kwenye paa, mabomba yapite nje ya ukuta ili fundi asiuvunje siku yakiziba.

Sasa sikiliza hili na umsomee pia rafiki yako yule anayetaka kutengeneza matofali kwa mabaki ya migodi. Wazo lake si la kipumbavu. Hapo Lubumbashi mlima wa taka za tanuru la shaba ulikaa miongo mingi, baadaye wakaurudia na kutoa kobalti ndani yake. Lakini kiwanda si chumba cha mtoto. Sisi tunakaa karibu na Shinkolobwe, kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya nyuklia ya Marekani. Jiwe la upande ule halifai msingi, hata likitolewa bure na likiwa zuri. Mchanga wa mabaki ya mgodi nao usiingie kwenye plasta kabla haujapimwa madini yake mazito na miale yake. Na bati za simenti za zamani, zile za kijivu zenye mawimbi, nyingi za namna hiyo zilichanganywa na asbesto. Usizikate kwa msumeno, usiziuze kwa mtu. Kuna vitu ambavyo mzunguko wake lazima ukatwe.

Kwa hiyo nyumba ya nkambo wako haivunjwi, Ilunga. Nimesema mimi mjomba wako, na mama yako ameitikia. Kuta zake zimeshalipa A yake zamani, kabla hujazaliwa. Zina nyufa mbili upande wa magharibi, na wahenga walishatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Mbao za paa ni mulombwa, mchwa hawajaziweza. Kinachoiua nyumba ile ni maji ya paa yanayoanguka miguuni pa ukuta, na mfereji wa mawe pamoja na mabati marefu kidogo vitalimaliza jambo hilo.

Vyumba viwili unavyovitaka viongeze ubavuni, visishikane na ukuta wa zamani, kila kimoja na msingi wake. Kwa ukuta jaribu udongo wa kushindilia kwa mashine ya mkono, usiochomwa. Mashine maarufu ya namna hiyo ilitengenezwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950, na fundi wa vyuma wa Likasi ataiiga kwa siku chache. Simenti sehemu 5 hadi 8 kwa 100 inatosha, udongo ukiwa mzuri. Usinijibu kwamba hiyo ni nyumba ya maskini. Francis Kéré wa Burkina Faso alianza na shule ya udongo ya kijijini kwao Gando, ikakamilika mwaka 2001, akaweka paa la bati juu kabisa ili joto litoke. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker ya wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza. Mwalimu wako anamjua, muulize.

Njoo kabla mvua haijaanza kuchanganya. Usije na kompyuta pekee, njoo na kamba ndefu, chupa angavu zenye vifuniko za kupimia udongo, na daftari. Tutaingia chumba kwa chumba tukiandika kila kitu kilichomo: tofali ngapi, mbao ngapi, mabati mangapi yanafaa bado na mangapi yameliwa na kutu. Hiyo ndiyo hesabu nitakayoipeleka mbele ya ukoo. Pesa za mabati ya jikoni zitume kwa mama yako, si kwa Ngoie. Tangu apate diploma amekuwa mkarimu mno kwa rafiki zake.

Mjomba wako anayekupenda,
Fundi wa Kakontwe